Chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa watoto wachanga: maswali ambayo wazazi wa Mombasa huniuliza kuhusu majaribio

Mimi ni muuguzi. Nimekaa miaka mingi kwenye kliniki ya watoto hapa Mombasa, na miaka kadhaa nikiwa na watafiti wanaopima chanjo kwa watoto wachanga. Maswali haya nimeulizwa kwenye benchi la kliniki, kwenye feri ya Likoni, na vibarazani. Nayajibu hapa jinsi ninavyomjibu mama aliyempakata mwanawe mbele yangu.

Homa ya uti wa mgongo ni ugonjwa gani?

Ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Ile kali zaidi huletwa na bakteria, na kwa watoto wa pwani wanaojulikana sana ni watatu: nyumokoka, Hib na meningokoka. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, katika kila wagonjwa sita wa homa hii ya bakteria mmoja hufa, na katika kila watano mmoja hubaki na ulemavu mkubwa: uziwi, kifafa, kupooza, au akili kurudi nyuma.

Mtoto mchanga huwa haonyeshi shingo iliyokakamaa kama mtu mzima. Yeye hukataa ziwa, hulegea, hulia kilio chembamba kisichobembelezeka, au utosi wake hutuna ukiugusa. Wengine huanza na degedege, na kwetu hapo husemwa nyuni amempata. Sina ugomvi na jina hilo, nimelisikia tangu utotoni. Ugomvi wangu ni na saa zinazopotea kabla mtoto hajafikishwa hospitali.

Mwanangu amemaliza sindano zote za kliniki. Bado hajakingwa?

Amekingwa pakubwa. Sindano ya mkono wa kushoto aliyodungwa alipozaliwa humkinga na kifua kikuu kinachopanda ubongoni. Ile ya pamoja ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina kinga ya Hib ndani yake tangu 2001. Ya nyumokoka iliingia Kenya 2011. Na hatuhitaji kwenda mbali kuona kazi yake, kwa sababu watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wa Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti, walihesabu wagonjwa hapo Kilifi. Magonjwa makali ya Hib kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalipungua kwa asilimia 88 ndani ya miaka mitatu. Yale ya nyumokoka za aina zilizomo kwenye chanjo yakashuka kwa asilimia 92.

Anayebaki ni meningokoka. Chanjo yake haimo kwenye ratiba ya kawaida ya kliniki zetu. Bakteria huyu ndiye mwenye milipuko mikubwa katika ule ukanda unaoanzia Senegal hadi Ethiopia. Shirika la Afya Duniani huhesabu humo nchi 26, na Kenya ni mojawapo, ingawa Mombasa yenyewe iko mbali na joto na vumbi la kaskazini. Lakini sisi ni watu wa bandari na wa safari. Mwaka 1987 meningokoka ya kundi A, mojawapo ya makundi ya bakteria huyu, ilisambaa pamoja na mahujaji waliokuwa wakirejea makwao, na mwaka 2000 ikawa zamu ya kundi W. Ndiyo maana hakuna anayepata viza ya Hijja bila cheti cha chanjo hii.

Basi si mumpe mtoto hiyo hiyo ya mahujaji?

Hili ni swali zuri kuliko yote, na jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini majaribio kwa watoto wachanga yapo.

Meningokoka hujivika koti la sukari. Chanjo za zamani zilitengenezwa kwa sukari hiyo peke yake. Mwili wa mtu mzima huiona, huitengenezea kingamwili, na safari ya Makka ikapita salama. Mwili wa mtoto wa chini ya miaka miwili huipita kama haujaona kitu. Chembechembe zake za damu zenye kazi ya kukumbuka adui hazishtushwi na sukari tupu. Ukimdunga, utakuwa umemliza bure.

Wanasayansi wakaifunga sukari ile kwenye protini ambayo mwili wa mtoto unaijua vizuri, kama ile ya chanjo ya pepopunda au ya dondakoo. Protini inapogonga kengele, mwili mzima huamka, na sukari hutambuliwa pamoja nayo. Ni ujanja uleule uliotumika kwenye Hib na nyumokoka. Siku hizi chanjo nyingi za safari nazo zimetengenezwa hivyo.

Kundi B lina shida yake. Sukari ya koti lake inafanana mno na sukari iliyomo kwenye mishipa ya fahamu ya binadamu, kwa hiyo haitumiki. Chanjo yake ikabidi itengenezwe kwa protini za bakteria mwenyewe, na Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuwapa watoto wote wachanga, Septemba 2015.

Kwa nini mjaribu kwa watoto wetu wadogo? Kwa nini msianze na wakubwa?

Huanzwa na wakubwa. Kwanza watu wazima wenye afya, wachache. Wakionekana salama hushukwa kwa vijana, kisha watoto wa shule, kisha wanaotembea, na mwisho wale wa kupakatwa. Katika kila ngazi husimamwa, matokeo yakasomwa na jopo la watu wasiotoka kwenye kampuni wala kwenye timu ya watafiti, nao ndio wenye kusema endeleeni au komeni.

Lakini ngazi ya mwisho haiwezi kurukwa. Mtoto wa wiki sita bado ana kingamwili alizopewa na mamake tumboni, na hizo huweza kuifunika chanjo isifanye kazi. Pia anadungwa chanjo nyingine siku hiyohiyo, na lazima ijulikane kama zinasukumana. Hata kipimo cha dawa hubadilika. Chanjo ya kundi A iliyotengenezwa mahsusi kwa Afrika, MenAfriVac, ilianza Burkina Faso Desemba 2010 kwa watu wa mwaka 1 hadi 29. Watoto wachanga hawakuwemo. Ilibidi kwanza majaribio yafanywe kwa watoto wa Navrongo, Ghana, na wa Mali, na ikaonekana kwamba mtoto mchanga anatosheka na mikrogramu 5 badala ya 10 za wakubwa. Ilipofika 2015 ndipo nchi zikaweza kuiingiza kliniki kwa watoto wa kuanzia miezi tisa. Kama mama wa Navrongo na wa Mali wasingekubali, watoto wachanga wa ukanda mzima wangekuwa wanasubiri, au wanapewa kipimo cha kubahatisha.

Usalama mnaupimaje?

Kwanza mtoto hukaguliwa kabla ya sindano. Mwenye homa siku hiyo hurudishwa nyumbani, aje siku nyingine. Akishadungwa, mama hukaa nasi angalau nusu saa, kwa sababu mzio mkali ukitokea hutokea mapema, na dawa yake iko mezani tayari.

Kisha kazi huhamia nyumbani. Mama hupewa kipimajoto, rula ndogo ya plastiki na daftari la siku saba. Kila jioni anampima mtoto joto, anaweka rula juu ya paja lilipodungwa, anaandika wekundu una milimita ngapi, mtoto alinyonya vipi, alilala au alisumbua. Namkumbuka mama mmoja wa Mtongwe ambaye hakusoma shule. Alikuwa anachora duara kwa kalamu, la ukubwa sawasawa na uvimbe alioona, na pembeni anatia mstari mmoja kwa kila mara mtoto alipoamka usiku. Daftari lake lilikuwa safi kuliko mengine yote. Afisa wa nyanjani hupita kulisoma pamoja na mama, kwa sababu daftari lililoandikwa lote kwa mkupuo asubuhi ya siku ya saba halisaidii mtu.

Baada ya hapo mtoto hufuatwa kwa miezi, mara nyingi sita au zaidi. Akilazwa hospitali, akipata jambo la kuhatarisha maisha, akipata ulemavu au akifariki, hata ikiwa ni ajali ya tuktuk, hilo huandikwa kama tukio kubwa, na timu inapaswa kuripoti ndani ya saa 24 tangu ijue. Wazazi hushangaa: ajali inahusu nini na chanjo? Huripotiwa kwa sababu mwenye kuamua kama inahusu au haihusu asiwe yule anayeipenda chanjo ifaulu.

Homa baada ya sindano ni alama kwamba chanjo ni mbaya?

Homa ya siku moja au mbili ni mwili unaofanya kazi. Zipo chanjo zinazoileta zaidi. Ile ya kundi B, ikidungwa pamoja na za kawaida, huwapa watoto wengi homa, hadi Uingereza wazazi huagizwa wampe mtoto parasetamo mapema, hata kabla joto halijapanda. Lakini ukiwa kwenye utafiti usimpe dawa yoyote kabla ya kuuliza, kwa kuwa tunataka kujua chanjo imefanya nini. Na homa iliyopita siku ya tatu, au mtoto aliyelegea, usiseme ni sindano. Mlete.

Na yale madhara ya nadra, je, mtayaona?

Si yote, na anayekwambia yote anakudanganya. Hesabu yake ni nyepesi. Ukidunga watoto 300 na hakuna hata mmoja aliyepata dhara fulani, bado linaweza kuwa linampata mtoto mmoja katika 100, ikawa tu bahati haikumwangukia yeyote kati ya wale 300. Ukidunga 3,000 bila kuliona, unaweza kusema si zaidi ya mmoja katika 1,000. Kwa hiyo majaribio huanza na makumi, yakaenda mamia, yakaishia maelfu, na chanjo ikishaingia kliniki ufuatiliaji huendelea.

Mfano uko jirani. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipojaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Kilifi ikiwemo, kundi la watoto waliochanjwa wakiwa na miezi mitano hadi kumi na saba lilikuwa na visa vingi zaidi vya homa ya uti wa mgongo kuliko wenzao. Hakuna aliyeweza kueleza sababu. Ingekuwa rahisi kulifukia jambo hilo. Likachapishwa, na Shirika la Afya Duniani likadai chanjo itolewe kwanza kwa majaribio ya nchi tatu, Malawi, Ghana na Kenya, kuanzia 2019, kila kisa kikihesabiwa. Watoto walipofika mamia ya maelfu, uhusiano ule haukuonekana tena, na Oktoba 2021 ndipo chanjo ikapendekezwa. Mimi nikiulizwa usalama unaonekanaje, husimulia hiyo.

Damu mnachukua kiasi gani, na ya nini?

Kwa kawaida haizidi kijiko kimoja cha chai, kabla ya chanjo na mwezi mmoja baadaye. Wakati mwingine tena baada ya mwaka. Kiasi hupangwa kwa uzito wa mtoto, na mwili wake huirudisha. Najua inavyomuuma mama kuona mkono ule mdogo umefungwa mpira. Ukiona mtu amemchoma mtoto mara mbili akakosa mshipa, una haki ya kusema basi kwa leo.

Damu huachwa itulie, yakabaki yale maji ya manjano yenye kingamwili. Maabara huyazimua nusu kwa nusu: moja kwa nne, moja kwa nane, moja kwa kumi na sita, na kuendelea. Katika kila kijishimo cha sahani hutiwa bakteria hai wa meningokoka pamoja na protini za damu zinazosaidiana na kingamwili kuua. Hulazwa kwenye joto usiku kucha. Asubuhi huhesabiwa bakteria waliopona, wakionekana kama vidoa. Kiwango cha mwisho cha kuzimua kilichoweza kuua angalau nusu yao ndiyo nambari ya mtoto. Ikiwa maji yake yamezimuliwa mara 128 na bado yanaua, kinga ipo ya kutosha. Protini za msaada zikiwa za sungura, mpaka wa kinga unaotumika sana ni 8. Zikiwa za binadamu ni 4.

Nimewahi kuonyeshwa sahani mbili za mtoto mmoja, ya kabla na ya baada. Ya kwanza ilijaa vidoa kama ufuta juu ya mkate wa mofa. Ya pili ilikuwa tupu.

Nambari ikiwa juu, mwanangu hatapata ugonjwa?

Ina maana hatari imeshuka sana kwa wakati huo. Jambo hili lilijulikana kwa askari wapya wa Jeshi la Marekani, katika utafiti uliochapishwa 1969. Walitolewa damu walipojiunga, kisha wengine wakaugua kambini. Kati ya wagonjwa 54, ni 3 tu waliokuwa na kingamwili za kuua bakteria siku walipowasili. Wenzao waliosalia wazima wengi wao walikuwa nazo.

Tangu hapo nambari hiyo imetumika kama shahidi, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa nadra kiasi kwamba kungoja watoto waugue kungehitaji watoto wengi kupita kiasi na miaka mingi. Uingereza ilianza chanjo ya kundi C mwaka 1999 kwa kutegemea kingamwili tu. Wagonjwa wakapungua sana. Lakini baada ya miaka michache ikagunduliwa kwamba watoto waliochanjwa wakiwa na miezi miwili, mitatu na minne kinga yao ilikuwa imeshuka ndani ya mwaka. Mwaka 2006 ikaongezwa sindano ya kukumbusha. Kwa hiyo tukikuita baada ya mwaka kutoa damu tena, usione tumekosa kazi. Ile ya mwaka ndiyo inayosema kama mtoto atahitaji nyingine.

Mtatoa maji ya mgongo?

Hapana. Kupima chanjo hakuhitaji. Maji ya mgongo hutolewa kwa mtoto mgonjwa, ili ijulikane ni bakteria gani. Wengi huamini sindano hiyo ndiyo inayopoozesha au kuua. Kinachofanya hivyo ni ugonjwa wenyewe, uliokwisha kumkuta mtoto kabla daktari hajamgusa. Tafadhali msiikatae.

Kundi lingine, lisilopewa chanjo inayojaribiwa, linapewa maji tu?

Mara nyingi hapana. Hupewa chanjo nyingine ambayo tayari inajulikana kuwa na faida, na zile za ratiba ya kliniki kila mtoto anapata. Nani anapata ipi huamuliwa kwa kura ya kompyuta. Mama hajui, na anayempima mtoto hajui.

Tumesikia ya Kano. Kwa nini tuwaamini?

Mliyoyasikia yalitokea. Mwaka 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo kule Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake, Trovan, kwa watoto wagonjwa. Ilikuwa dawa ya kutibu, si chanjo. Watoto 200 walihusishwa, nusu wakipewa Trovan na nusu dawa nyingine, na 11 walifariki. Wazazi walisema hawakuambiwa kwamba ni jaribio. Kampuni ilikana kosa, ikaishia kukubaliana na Jimbo la Kano mwaka 2009 kwa dola milioni 75. Miaka ya kati, Kano ilikataa chanjo ya polio, na mimi sishangai.

Sikuombi uniamini kwa uso wangu. Uliza barua ya kibali ya kamati ya maadili, ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, na ya Bodi ya Dawa na Sumu. Uliza bima ya utafiti, na mtoto akidhurika nani anamtibu na kwa fedha za nani. Uliza nambari ya simu ya kamati, usikubali ya mtafiti peke yake. Anayekasirika ukiuliza, mwachie karatasi yake mezani.

Nani anatoa ridhaa? Bibi yake anaweza kutia sahihi?

Mzazi au mlezi wa kisheria. Bibi akimleta mtoto, tunamshukuru na kumwomba amwite mzazi. Mama akitaka kwenda kushauriana na mumewe au na mama mkwe, aende. Hakuna ridhaa inayooza kwa kulala siku tatu.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo karatasi ilisomwa mbio, Kiswahili cha kutafsiriwa, mama amesimama na mtoto mgongoni na foleni nyuma yake. Alitia dole gumba. Juma la pili aliniuliza, kwa adabu, "Dada, ile vitamini nyingine mtoto atapewa lini?" Nilimkalisha, tukaanza upya kutoka mstari wa kwanza. Ilichukua saa nzima. Aliposikia yote alimtoa mtoto kwenye utafiti, na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo simsomei mtu karatasi bila kumwomba mwishoni anieleze yeye, kwa maneno yake, tunataka kumfanyia nini mwanawe.

Nikibadili nia?

Unamtoa siku yoyote, bila sababu, na huduma ya kliniki hubaki ileile. Damu iliyokwisha kuchukuliwa, uliza inahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na sema ikiwa hutaki itumike zaidi.

Tunalipwa?

Unarudishiwa nauli na fidia ya muda wako. Fedha zikiwa nyingi kiasi cha kukufumba macho, kamati haipaswi kuzipitisha.

Mtoto akiugua usiku wa manane?

Akiwa na joto kali, degedege, utosi uliotuna, madoa mekundu au ya zambarau ambayo hayafifii ukiyabonyeza kwa gilasi, akikataa ziwa au akiwa haamki vizuri, usingoje alfajiri wala usinipigie mimi kwanza. Panda chochote kilicho karibu uende hospitali iliyo karibu. Njiani ndipo upige ile nambari iliyoko nyuma ya kadi ya utafiti. Ukifika, mpe kadi hiyo mtu wa kwanza utakayemkuta mlangoni, umwambie mtoto alichanjwa tarehe ngapi, paja lipi.